Sura ya Saba: Waya wa Kubuni

Inspekta Mbula hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa kampuni ya ulinzi ya Ngao Imara kwa bega, kwa sababu mkono mmoja ulishika faili na mwingine amri ya mahakama. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, hapo Mwihoko, ghorofa ya pili juu ya duka la vyuma. Saa nane mchana mlinzi Urbanus Nzioki angesimamishwa mbele ya hakimu mjini Thika kujibu shtaka la mauaji.

"Habari ya asubuhi, Madam," alisema mwanamume aliyeketi mbele ya redio. Alikuwa nadhifu, tai imenyooka, kikombe mkononi. "Mimi ni Githae, msimamizi wa zamu ya jioni. Nimekuja mapema kwa ajili yako. Nikumiminie chai?"

"Sikujia chai. Ni wewe ulikuwa hapa Jumapili jioni?"

"Ni mimi. Na nilishaandika taarifa. Sajini Mwangangi alikuja akaichukua."

"Nimeisoma mara tatu. Kila mara imenikasirisha zaidi."

Konstebo Wambua, aliyekuja naye, alifunga mlango na kusimama mbele yake.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumapili, muda mfupi baada ya saa moja jioni, wezi waliingia katika duka la dawa za mifugo la Mzee Mburu huko Ngoingwa, lindo la Nzioki. Walimpiga mzee kichwani wakaondoka. Mkewe, Mama Ngendo, alirudi kutoka kwenye ushirika saa mbili kasoro dakika kumi akamkuta mumewe amekufa mikononi mwa Nzioki, sare ya mlinzi imelowa damu. Nzioki alieleza kwamba aliita kontrol, yaani chumba cha redio cha kampuni, mara tatu, na mara ya tatu akajibiwa akae pale pale, gari la dharura linakuja. Gari halikuja. Kampuni ikasema hakuna mwito wowote ulioingia. Chini ya maelezo ya Nzioki, Sajini Mwangangi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Uongo.*

Kwa siku nne Mbula alikuwa ameuliza swali moja bila kujibiwa na mtu. Mwizi hukimbia. Kwa nini huyu alikaa?

"Mlinzi wako angeweza kupiga simu," alisema. "Hata kwa polisi. Hakupiga. Kwa nini?"

Githae alionyesha kwa kidole sanduku la mbao chini ya meza, lenye kufuli. "Simu za walinzi wote tunazikusanya kabla zamu ianze. Yangu pia huingia humo. Mtu akiwa na simu anaangalia mpira, anapiga umbea, mali inaibiwa. Hapa ni redio peke yake."

"Na walinzi wengine hawakumsikia?"

"Hizi redio ni za dijitali, Madam. Kila lindo linaongea na kontrol tu. Malindo hayasikiani."

Mbula alifungua kitabu cha matukio. Ukurasa wa Jumapili ulianza hivi: *Saa 12.00 jioni, maombi ya kufungua zamu, yameongozwa na Githae.* Kisha, kuanzia saa moja mpaka saa mbili: *Malindo yote salama.*

"Uliombea nini?"

"Haiya! Ni swali la polisi hilo?"

"Nimekuuliza."

"Niliombea walinzi. Huwa tunaombea walinzi."

Mbula alikifunga kitabu polepole, kana kwamba kingeweza kumwuma.

"Madam, mimi sina haja ya kubishana," Githae aliendelea. "Kila kinachosemwa kwa redio kinarekodiwa na ile laptopu pale pembeni. Iulize. Itakuambia Nzioki hakuita. Mashine haina undugu na mtu."

"Wewe huitumia?"

"Mimi? Sijawahi kuigusa hata siku moja. Ni ya Waruguru, fundi wetu. Tena ni takataka, hata spika yake ilishakufa. Sijui yeye husikiliza na nini."

"Wambua," alisema Mbula, "mpeleke bwana huyu kwenye ukumbi wa pili. Mkae mkitazamana. Chai yake aende nayo."

Waruguru, aliyeitwa kwa simu, alifika dakika kumi baadaye akihema kutoka ngazini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne hivi, begi mgongoni, bisibisi imechomekwa kwenye mfuko wa shati. Alipoona kitambulisho cha Mbula alikaa bila kuambiwa.

"Ni wewe uliyeiweka hii mashine?"

"Ni mimi, Madam. Kampuni haikutaka kununua rekoda ya kweli. Nikanunua hiki." Alionyesha kijiti kidogo kilichochomekwa kwenye laptopu, kikiwa na antena fupi. "Hiki kinapokea mawimbi ya redio. Halafu kuna programu mbili. Ya kwanza inashika masafa yetu. Lakini ukiisikiliza hiyo peke yake utasikia mngurumo tu, kama nyuki ndani ya debe. Ya pili ndiyo inageuza mngurumo kuwa sauti ya mtu."

"Na mngurumo unatoka vipi kwa ya kwanza hadi ya pili?"

"Kwa waya wa kubuni. Si waya wa kushika, ni programu pia. Madam, chukulia ni mpira wa maji. Programu ya kwanza ni tangi. Ya pili ni mfereji. Katikati ndipo unaweka mpira."

"Hapo nimekuelewa. Nionyeshe Jumapili."

Folda ilijaa faili fupi fupi, kila mwito na faili lake, na kila faili na nambari na saa. Mbula aliinama karibu na kioo. Saa moja na dakika mbili, lindo la Mwiki. Saa moja na dakika tisa, lindo la Ruiru mjini. Kisha saa moja na dakika ishirini na sita, Mwiki tena. Kutoka Ngoingwa hakukuwa na kitu.

"Mtu amefuta," alisema Mbula.

"Hapana. Ona nambari. Mia nne na kumi, mia nne na kumi na moja, mia nne na kumi na mbili. Zinafuatana. Ukifuta moja, pengo linabaki."

"Na mtu akifuta halafu apange upya?"

"Lazima ajue."

"Nani anajua hapa, isipokuwa wewe? Nani ana neno la siri?"

Waruguru aliinua laptopu. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, neno la siri limeandikwa kwa kalamu kubwa.

Mbula alipiga meza kwa kiganja hata kitabu cha matukio kikaruka. "Kuna mtu ataingia korti kwa ajili ya hii mashine! Huyo mtu anaweza kumaliza maisha yake jela! Na ninyi mmebandika ufunguo mlangoni?"

"Pole, Madam."

"Usiniambie mimi pole. Nambari zinafuatana, hakuna kilichofutwa. Basi Nzioki hakuita. Ndivyo unaniambia?"

Waruguru aliigeukia mashine. Alifungua dirisha lingine, jeusi, lenye mistari ya maandishi. Aliteremka nayo mpaka saa moja jioni, akasimama, akasogeza uso.

"Hii ni nini?" alijiuliza.

"Sema kwa sauti."

"Hii ni daftari ya programu ya pili. Inaandika kila kitu kinachoifikia, hata kile ilichoshindwa kugeuza. Ona hapa. Saa moja na dakika kumi na nne, kosa. Kumi na tano, kosa. Kumi na saba, kosa, tena refu. Kuna kitu kilikuja. Kimekuja kikiwa kimeharibika, programu ikashindwa kukisoma, haikutengeneza faili."

"Mara tatu," alisema Mbula.

"Mara tatu."

Mbula alitoa maelezo ya Nzioki kwenye faili akayaweka juu ya meza. Alikuwa ameyasoma mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. *Niliita mara tatu.*

"Ni nini kinaweza kuharibu?"

"Antena mbaya. Lakini antena ingeharibu miito yote, na hii ya kabla na ya baada ni safi. Ama..." Msichana alifungua mipangilio ya sauti ya laptopu, na hapo hapo akaweka mkono mdomoni. "Ngai! Ni mimi. Madam, ni mimi nimekosa."

"Umekosa nini?"

"Waya wa kubuni unatakiwa kuchukua sauti ya programu ya kwanza peke yake. Unaichagulia ndani ya programu yenyewe. Mimi nilikuwa na haraka, nikaiambia laptopu yote: sauti yoyote ya hii mashine ipitie kwa waya. Kwa hivyo mtu akicheza wimbo hapa, wimbo hautoki kwa spika. Unaingia kwa mpira, unachanganyikana na redio, unaenda kuharibu maji kwenye mfereji."

Mbula aliinua kichwa. "Rudia hapo kwa spika."

"Spika inanyamaza. Si mbovu, ni nzima kabisa. Ni kwamba hakuna sauti inayofika kwake. Mimi nikitaka kusikiliza, nakopi faili kwa simu yangu nyumbani."

"Ulimwambia nani kwamba spika ya hii laptopu haitoi sauti?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe sikujua mpaka saa hii."

Mbula alitazama mlango wa ukumbi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Ee Mungu, alinong'ona, uushike mkono wangu.

"Yale maji machafu," alisema. "Yaliyoingia kwa mpira. Yamehifadhiwa mahali?"

"Yapo. Programu ya pili huhifadhi kila ilichomiminiwa, kabla haijakigeuza. Na ya kwanza pia inahifadhi yake, nilikuwa napima masafa nikasahau kuizima. Moja tangini, moja mferejini."

"Anza na ya mferejini."

Kabla ya kugusa kitu, Mbula aliandika saa, akanakili faili zote kwenye diski mpya, akaitia kwenye bahasha pamoja na cheti cha ushahidi wa kielektroniki. Waruguru alitia sahihi kuwa yeye ndiye mwenye kuiendesha mashine ile. Kisha wakarudisha sauti ya laptopu kwenye spika, wakasikiliza.

Mngurumo ulijaa chumba, nyuki ndani ya debe kama alivyosema. Na juu ya mngurumo, mlio wa simu ukiita, ukikatika, ukiita tena; kisha, safi kabisa, sauti ya mwanamume.

*"Haloo? Mimi nakusikia. Wewe hunisikii? Acha kupiga kelele haloo haloo, watu watakusikia! Basi wewe nyamaza, mimi niseme. Tumemaliza. Mzee ameleta ubishi, ameumia. Usitume mtu Ngoingwa. Mimi nitasema nilipata pancha Mwiki. Na huyo soja wako wa geti ana redio mkononi, mzubaishe. Umesikia? Aaa, huyu mjinga hasikii."*

Waruguru alikuwa analia. "Ni Njau," alisema. "Ni dereva wa gari letu la dharura."

"Gari ambalo lingetumwa?"

"Ndilo hilo. Tuna moja tu."

Githae aliletwa. Alikuwa bado na kikombe chake. Mbula hakumkaribisha kuketi.

"Uliniambia hujawahi kuigusa hii laptopu."

"Na ndivyo ilivyo."

"Ulijuaje spika yake haitoi sauti?"

"Kila mtu anajua. Waruguru alisema."

"Mimi?" Waruguru aliruka. "Mimi nilikuambia lini?"

"Wewe msichana, nyamaza, wakubwa wanaongea."

"Usimnyamazishe," alisema Mbula. "Mwenye spika hakujua. Aliyejua ni mtu aliyetaka kusikia kitu hapa akasikia kimya. Simu yako ilikuwa ndani ya sanduku, kwa sheria yenu wenyewe, na walinzi walikuona ukiifungia. Njau alitaka kukupata. Ukafungua WhatsApp kwenye mashine ya fundi, akapiga, ukapokea. Haloo, haloo. Kimya. Ukadhani imekufa. Baadaye ukaona miito ya Ngoingwa haimo kwenye folda, ukashukuru."

"Madam, hayo ni mawazo tu. Labda Njau alipiga, labda hakupiga. Mimi sikusikia neno hata moja."

"Ni kweli, hukusikia. Sisi tumesikia."

Alimwashia ile rekodi. Githae alisikiliza akitazama sakafu. Sauti ilipofika kwenye *huyu mjinga hasikii*, shingo yake ilifura.

"Hiyo ni Njau peke yake," alisema mwishowe. "Sauti yangu iko wapi hapo? Mtu akinipigia simu ya upuuzi, ni makosa yangu? Mimi nilikuwa kwa redio, na kwa redio hakukuwa na mwito. Hakuna! Hata nikiapa kwa Biblia."

"Usiape. Waruguru, fungua ya tangini."

Msichana alijipangusa macho kwa mkono wa shati. Safari hii alipanga kama inavyotakiwa: faili la programu ya kwanza peke yake ndani ya waya wa kubuni, na upande wa pili programu ya kugeuza ikitoa sauti kwa spika. Maji yalikuwa safi tangini tangu Jumapili.

*"Kontrol, Kontrol, hapa Ngoingwa Saba. Wezi dukani, wako watatu. Tuma gari."*

Kimya. Kisha:

*"Kontrol, Ngoingwa Saba. Wameondoka. Mzee ameumizwa kichwa. Anapumua. Tafadhali, gari."*

Konstebo Wambua alivua kofia yake bila kujua amefanya hivyo.

*"Kontrol, kwa jina la Mungu. Anapumua. Wacha nimbebe mimi nimtoe mpaka barabarani, nitapata hata bodaboda."*

Na sauti nyingine ikajibu, tulivu, ya mtu anayejua kuongoza maombi.

*"Ngoingwa Saba, umesikika. Usimguse. Usitoke kwa geti. Kaa hapo hapo, gari linakuja."*

*"Sawa, mkubwa. Asante sana, mkubwa."*

Kikombe kilianguka. Hakuna aliyekiokota.

"Saa moja na dakika kumi na saba," alisema Mbula. Alisema pole pole, na kila neno lilitoka kama jiwe. "Mke wake alifika saa mbili kasoro kumi. Dakika thelathini na tatu. Mtu mwenye nguvu zake alikuwa tayari kumbeba mzee mgongoni, ukamwambia kaa. Akakaa kwa sababu ni wewe mkubwa wake. Halafu ukasema hakuita, ili anyongwe kwa kukutii."

"Madam, Njau alisema hakutakuwa na damu. Aliniambia—"

"Wambua! Mtoe mbele yangu. Mtoe kabla sijatenda dhambi."

Alimpigia Sajini Mwangangi simu akiteremka ngazi.

"Madam, mtu wako ameshapanda gari la korti," alisema Mwangangi. "Faili limeenda. Kesi imekwisha hiyo."

"Kesi imekwisha wapi? Njau, dereva wa Ngao Imara, anaishi Mwiki. Wapeleke vijana wakamkamate sasa hivi. Na wewe unisubiri kortini na kalamu yako nyekundu."

"Kwani nimefanya nini?"

"Ulikuwa na mtu anasema ukweli siku nne. Ulitakiwa tu kuuliza laptopu moja."

Alifika Thika saa nane kasoro dakika ishirini. Kiongozi wa mashtaka alisikiliza diski kwenye ofisi yake, mlango umefungwa, akaisikiliza mara ya pili amesimama. Mwangangi alikuwa pembeni. Sauti ya Nzioki iliposema *asante sana, mkubwa*, sajini alitazama dirishani.

"Neno likishaandikwa kwenye faili halifutwi, Madam," alisema baadaye, kwa sauti ya chini.

"Najua. Andika lingine chini yake. Na jina lako uliweke wazi, lisomeke."

Saa nane na nusu shtaka liliondolewa. Hakimu alimwambia Nzioki yuko huru, akamwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alibaki amesimama kizimbani mikono nyuma.

Mama Ngendo alikuwa kwenye ukumbi wa nje, amevaa nguo nyeusi, na dada wawili wa kanisani kando yake. Alikuwa amekuja kumwona muuaji wa mumewe. Jumatatu, pale kituoni, alikuwa amemtemea mate usoni. Mbula alimketisha kwenye benchi akamweleza yote kwa Kiswahili chepesi, bila kumficha kitu: Njau, Githae, redio, dakika thelathini na tatu. Mama alisikiliza bila kupepesa jicho.

"Huyo Githae yuko wapi?"

"Yuko seli, mama."

"Ataletwa hapa hapa?"

"Kesho asubuhi."

"Basi kesho nitakuja. Nitakaa mbele kabisa. Nataka anione."

Nzioki alitoka mlangoni. Kamba za viatu alikuwa amezishika mkononi, kama walivyomrudishia. Alipomwona mama alisimama, akarudi nyuma hatua moja.

"Njoo," alisema Mama Ngendo. Sauti yake ilikuwa kali bado. Hasira yake haikuwa tena na pa kwenda. "Njoo hapa, Urbanus. Ulikuwa naye mpaka mwisho?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema kitu?"

Nzioki alizitazama zile kamba za viatu. "Aliniuliza kama nimefunga duka. Aliuliza tena na tena. Nikamwambia nimefunga, mzee, tulia."

"Ulikuwa umefunga?"

"Hapana, mama. Mikono yote miwili nilikuwa nimemshika."